Sura ya Saba: Inspekta Mwenye Damu ya Kichanga

Saa tatu asubuhi Inspekta alikuwa amesimama mbele ya sinki la wodi ya wazazi, akisoma bango ambalo wauguzi walishalizoea hata hawalioni tena. Kituoni walimpachika jina la Rudia, kwa sababu hata ukimtajia jina lako tu na umri wako, jibu ulilopata lilikuwa hilo hilo: "Rudia." Washukiwa walimchoka mapema. Mahakimu walimpenda, maana ushahidi wake ulikuwa umeshapigwa pasi pande zote mbili kabla haujawafikia.

Bango lilikuwa na maagizo sita, na la nne lilipigiwa mstari kwa wino mwekundu: Kikombe cha mtoto kioshwe mara tu baada ya kutumika. Alilinakili neno kwa neno kwenye daftari lake, kisha akalipiga picha.

Jalada alilolibana kwapani lilikuwa jembamba, na kila ukurasa wake ulikuwa mbaya. Mtoto wa kiume wa siku tatu. Jana asubuhi mama yake alikwenda kuoga, akamwachia mdogo wake mtoto pamoja na maziwa aliyoyakamua kwenye kikombe cha stili chenye kifuniko. Mama mdogo akamnywesha mtoto, akaosha kikombe, akakaa kumbembeleza. Haikupita nusu saa mtoto akatapika damu, kitambaa cheupe kikalowa chepechepe. Maabara ikapima, ikaandika kwamba ile ni damu ya mtoto mwenyewe. Daktari akasema kama ni yake basi tumbo linavuja, na tumbo la siku tatu halivuji hivi hivi. Huenda kuna kitu kikali kimepita humo. Hapo hapo ikagundulika kwamba chupa ya dawa ya kusafishia sakafu haipo mahali pake. Baba mtoto hakuhitaji zaidi. Aliunganisha kikombe, chupa na kipimo, akakimbilia kituoni, na kabla ya adhuhuri mama mdogo alikuwa nyuma ya nondo.

Saa nane mchana wa leo jalada lilitakiwa kuwa mezani kwa mwendesha mashtaka. Kosa lililoandikwa juu yake lilikuwa kujaribu kuua.

"Afande, mnangoja nini?" Baba mtoto alikuwa amemfuata mpaka kwenye sinki. Alikuwa mtu wa makamo, shati lake la jana lingali mwilini, na macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. "Kila kitu kiko wazi."

"Chupa ya dawa imepatikana, baba. Mfagizi aliipeleka ghorofa ya pili tangu juzi jioni. Haikuwepo humu mtoto alipotapika."

"Kikombe je? Mtu asiye na lake jambo atakimbilia kuosha kikombe?"

"Soma hapo."

Alisoma. Midomo yake ilikwenda na maneno, ikasimama kwenye wino mwekundu. Lakini hakuwa mtu wa kukubali kwa mara moja.

"Sawa. Na kipimo? Kipimo hakina ndugu wala jamaa, afande. Kipimo kimesema damu ni ya mwanangu. Huyu shemeji yangu ana miaka sita ya ndoa hajabahatika mtoto. Mimi sijamsingizia, nimeunganisha tu."

"Umeunganisha, ndiyo," alisema Inspekta. "Sasa niache nami nifumue."

Mtoto mwenyewe alisikika kabla hajaonekana. Walikuwa wamemzuia asinyonye tangu jana, na ingawa dripu ilikuwa ikimwingia mkononi, tumbo halikuelewa habari za dripu. Alilia kwa sauti nene ya mtu aliyedhulumiwa kiwanja, ngumi juu, mashavu yamemwiva. Mama yake alikuwa amemlaza kwenye bega la kulia. Muuguzi alipomshauri ambadilishe bega, alimhamisha, akakunja uso, na kabla muuguzi hajafika mlangoni alishamrudisha kulia. Inspekta aliandika kitu kwenye daftari.

Alimvuta daktari wa watoto pembeni, kijana mrefu mwenye tabia ya kuangalia saa hata anapozungumza na mtu.

"Daktari, wingi wa damu ya huyu mtoto ulikuwa kiasi gani jana?"

"Kumi na saba."

"Na leo?"

"Kumi na saba."

"Rudia."

"Kumi na saba, afande. Mapigo ya moyo ni ya kawaida. Kuganda kwa damu ni kwa kawaida. Sindano ya vitamini ya kuzuia kuvuja damu alichomwa siku aliyozaliwa, nimeiona kwenye kadi."

"Basi mimi ni mtu wa hesabu za kuhesabia vidole. Kitambaa kizima kimelowa damu, na mtoto hajapungukiwa hata tone. Hiyo damu alikopeshwa na nani?"

Daktari aliacha kuangalia saa. "Ndiyo maana tuliomba kipimo. Kichanga anazaliwa na damu ya aina yake, tofauti na yangu na yako. Ukiitia maji ya kostiki, ile ya kutengenezea sabuni, ya mtu mzima inageuka rangi ya chai ya rangi, ya kichanga inabaki na wekundu wake. Ingekuwa ya mtu mzima ningesema ameimeza, labda wakati wa kuzaliwa, labda kwenye titi lililochubuka. Tungempa mama pole, na mambo yangeishia hapo."

"Ulimuuliza kuhusu titi?"

"Nilimuuliza. Mumewe alikuwepo, mama mkwe alikuwa akisikiliza kwenye simu. Alisema hana shida yoyote."

"Mbele ya halaiki hiyo, hata mimi ningesema sina shida yoyote," alisema Inspekta, akashuka ngazi kuelekea maabara.

Maabara ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja, meza za vigae vyeupe, na friji mbili zilizokuwa zikinguruma kwa zamu. Aliyeitawala alikuwa mzee mmoja mwembamba aliyebakiza mwaka mmoja astaafu. Hospitali nzima ilimwita Mzee Hadubini, na yeye jina hilo alilipenda kuliko lile la kwenye cheti. Alimpokea Inspekta kwa heshima iliyochanganyika na kinyongo cha mtu anayekaguliwa kazi yake.

"Kwa miaka thelathini na mbili, mama, majibu yangu hayajawahi kurudishwa."

"Shikamoo mzee wangu. Sijayarudisha. Naomba tu unioneshe ulivyofanya, tangu mwanzo."

"Marahaba." Shikamoo ilimlainisha kidogo. Akamwonesha. Kitambaa kilikatwa kipande, kikalowekwa kwenye maji safi. Maji yale mekundu yakazungushwa kwenye mashine mpaka uchafu ukatuama chini, na ya juu yaliyotakata yakamiminwa kwenye neli ya kioo. Kisha yakatiwa kostiki, na saa ikaangaliwa. Baada ya dakika mbili yalikuwa bado mekundu vile vile. "Ya mtoto. Nikaandika ya mtoto."

"Masalio yapo?"

Alifungua friji, akatoa kichupa chenye maji mekundu chini yake. "Haya. Yanatosha mara moja tu, hayatoshi mbili. Na kitambaa kilichobaki kimekauka na kuwa cheusi. Damu ikishakuwa nyeusi kipimo hiki hakina maana tena."

"Yarudishe baridini, tusiyaguse kwanza. Na kostiki?"

Alimwonesha chupa ya kioo ya rangi ya kahawia, juu ya rafu, pembeni kabisa. Inspekta aliishusha kwa mikono miwili, akaipeleka dirishani. Hakuwa mtu wa kemia. Shuleni aliwahi kuunguza meza ya mwalimu na akafukuzwa darasani wiki nzima. Ila macho yake yalikuwa yamezoea kuona kitu kilichokaa mahali pasipo pake. Kwenye shingo ya chupa kulikuwa na ukoga mweupe, mkavu, uliotambaa mpaka kwenye bega la chupa. Na juu, badala ya kizibo, kulikuwa na donge la pamba.

"Mzee wangu, kizibo kiko wapi?"

"Aa, kile." Mzee Hadubini alicheka. "Kostiki na kioo haviachani, mama. Inakigandisha kizibo mpaka ushindwe kukitoa. Mara ya mwisho tulikigonga, kikavunjika na nusu ya shingo nusura iende nacho. Tangu hapo mimi natia pamba. Ni ufundi wetu sisi wakongwe, pamba haigandi."

"Tangu lini?"

Waliisoma lebo pamoja. Mwandiko ulikuwa wa mzee mwenyewe, na tarehe ilikuwa ya miezi saba nyuma.

"Na kipimo hiki kinaombwa mara ngapi?"

"Mara moja kwa mwaka. Ukizidi sana, mara mbili."

"Kwa hiyo chupa hii imekaa miezi saba mdomo wazi, inapumua kupitia pamba, na hakuna aliyeitumia mpaka jana."

Mzee alichukua miwani yake, akaifuta kwa pindo la koti jeupe, akaivaa, akautazama ule ukoga kwa muda. Inspekta aliona jinsi sura yake inavyobadilika, akamwonea huruma, lakini swali lilikuwa bado moja.

"Jana ulipopima, uliweka na damu ya mtu mzima pembeni, ya kulinganishia?"

"Utaratibu unataka hivyo."

"Sikuuliza utaratibu, mzee wangu."

"Sikuweka." Sauti ilikuwa imeshuka. "Daktari alisimama pale mlangoni, baba mtoto nyuma yake anapiga kelele. Nilipima moja tu, nikaiona nyekundu, nikaandika."

Inspekta alivua saa ya mkononi, akaiweka mezani, akanyoosha kidole cha kati.

"Nipime mimi. Kwa kostiki hiyo hiyo."

Sindano ilimchoma kidogo. Matone mawili ya damu yake yakaingia kwenye maji, yakazungushwa, yakamiminwa kwenye neli, na Mzee Hadubini akavuta kostiki ya kwenye chupa ya pamba na kuitia. Wote wawili waliinama. Mshale wa saa ulikwenda taratibu, nusu dakika, dakika, dakika na nusu. Dakika mbili zilipotimia, damu ya Inspekta ilikuwa nyekundu vile vile, haina hili wala lile.

Walisubiri ya tatu. Nyekundu.

"Haya, mzee wangu," alisema Inspekta. "Mimi nina miaka hamsini na mmoja na wajukuu wawili. Kwa kipimo chako nimezaliwa juzi."

Mzee Hadubini alitafuta stuli kwa mkono bila kuangalia nyuma, akakaa. "Imekufa," alisema. "Kostiki imekufa. Imekula hewa miezi saba mpaka ikageuka magadi ya kulainishia maharage. Nimemfunga binti wa watu kwa pamba." Machozi yalimlenga, hakuyaficha.

"Hajafungwa bado. Saa hizi ni saa tano na dakika kumi, tuna karibu saa tatu mkononi. Ungali unazo punje mpya?"

Kwa mara ya kwanza asubuhi ile mzee alisimama kama kijana. Kabatini kulikuwa na kopo ambalo halijawahi kufunguliwa, utepe wa kiwandani ungali umezunguka kifuniko. Alimwonesha Inspekta utepe, akangoja auandike kwenye daftari, ndipo akaukata. Alipima gramu moja ya zile punje nyeupe kwenye mizani, akaziyeyusha kwenye mililita mia za maji, na safari hii alitia kifuniko cha plastiki juu bila kuambiwa. Kutoka friji ya pili alitoa kichupa cha damu ya kitovu, ya mtoto aliyezaliwa alfajiri ya siku hiyo, iliyokuwa ikisubiri kupimwa kundi.

"Neli tatu," alisema, na sasa alikuwa akifundisha. "Ya kwanza ni wewe. Ya pili kitovu, huyo ni kichanga asiye na ubishi. Ya tatu ni masalio yetu ya jana. Ya kwanza isipogeuka, au ya pili ikigeuka, hata usiitazame ya tatu."

"Zitie alama, na uzitie sahihi."

Akazitia. Daktari wa watoto aliitwa ashuhudie, akashuka mbio, baba mtoto akamfuata bila kuitwa. Inspekta hakumfukuza. Alimwelekeza tu pa kusimama, karibu na dirisha, mikono nyuma. Kisha Mzee Hadubini akavuta kostiki mpya, akatia tone kwa tone kwenye neli ya kwanza, ya pili, na ile ya tatu ambayo haikuwa na pacha wala ya akiba. Inspekta, aliyewahi kungojea hukumu nyingi, alikaza macho kwenye mshale wa saa.

Neli ya kwanza ilianza kabla dakika haijatimia. Wekundu ulififia, ukaingia ukahawia, kisha ikawa rangi ya chai iliyokolea. Ya pili ilikaa nyekundu kama ilivyowekwa.

Na ya tatu ikaifuata ya kwanza. Ilififia, ikaingia ukahawia, na dakika ya pili ilipogonga, ilikuwa chai ile ile. Mzee Hadubini aliziinua mbili hizo pamoja kwenye mwanga wa dirisha, na hakuna aliyeweza kuzitofautisha.

"Si ya mtoto," alisema daktari kwa sauti ndogo.

"Rudia, wasikie wote."

"Si ya mtoto! Ni damu ya mtu mzima. Mtoto havuji popote!"

Mzee Hadubini alipiga meza kwa kiganja, pa!, akacheka huku analia. Inspekta alihisi furaha ikimpanda kutoka miguuni mpaka kooni, ile furaha ya kazi iliyokaa sawa, na hakujisumbua kuificha. Alimkumbatia mzee wa watu na koti lake jeupe.

Baba mtoto peke yake hakusogea. "Ya mtu mzima," alisema taratibu. "Hata shemeji yangu ni mtu mzima. Anaweza kuwa ameitia mwenyewe."

Daktari aligeuka kumkaripia, Inspekta akamzuia kwa mkono. "Mwache, ana haki. Kipimo kimetuambia si ya mtoto, hakikutuambia ni ya nani. Mzee wangu, nipe neli tupu, safi, inayoonekana ndani."

Wodini aliwatoa wote nje, akavuta pazia, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Mama mtoto alikuwa na uso uliovimba kwa kulia. Mtoto alilala kwenye bega la kulia, amechoka kudai.

"Mwanangu," alisema Inspekta, "hapa tuko wawili na huyu kichanga, naye hatamwambia mtu. Upande wa kushoto unakuuma tangu lini?"

Mama mtoto alimtazama, akatazama pazia. Inspekta, aliyezoea kuharakisha watu, safari hii hakuharakisha.

"Tangu siku ya kwanza," alisema mwishowe. "Akishika tu, naona nyota. Pamechanika, mama. Jana nilishindwa, ndiyo maana nikakamua kwenye kikombe."

"Kwa nini hukusema?"

"Wa kwanza maziwa yalinikauka wiki ya pili. Watu walinisema mpaka kwenye misiba. Nikaapa huyu nitamnyonyesha hata kama nakufa. Nikisema pameumia, watanikataza." Hapo ndipo jambo lilipomwingia akilini. Aliacha mdomo wazi. "Ile damu... Waliniambia imetoka tumboni mwake, maabara imesema. Mimi ningejuaje? Mungu wangu, mdogo wangu!"

"Kikombe kilikuwa cha stili, chenye kifuniko. Wewe wala yeye msingeweza kuona rangi. Nipe matone machache humu ndani, ya kushoto. Polepole."

Mama mtoto alijikaza, akakamua. Maziwa yalitambaa chini ya kioo, na kwa kila tone yalizidi kuwa ya waridi.

Inspekta alifungua pazia. Baba mtoto alikuwa amesimama nje, muda wote hakuna mtu aliyemwambia akae. Inspekta hakumhutubia. Alimpa ile neli mkononi, akamwonesha dirisha.

Aliiinua kwenye mwanga. Aliitazama, akaitikisa, akaitazama tena. Mabega yakamshuka.

"Ina madhara kwa mtoto?" aliuliza.

"Hata kidogo," alisema daktari. "Mama atapata dawa ya kupaka na mtu wa kumwonesha jinsi ya kumshikisha. Na mtoto anyonye sasa hivi, kabla hajatushtaki sisi."

Saa saba na nusu, jalada lilikuwa mezani kwa mwendesha mashtaka, nusu saa kabla ya muda wake. Juu yake palibanwa karatasi ya maabara yenye mwandiko wa kizamani ulionyooka: Majibu ya jana si sahihi. Kosa ni langu. Chini yake palikuwa na jina kamili, sahihi na muhuri, na neli tatu zimechorwa na kutiwa rangi. Mwendesha mashtaka alisoma mara moja, akapiga mstari mrefu juu ya kosa lililoandikwa.

Kaunta ya kituo ilikuwa imejaa watu wa shida zao, mwenye kuibiwa simu, mwenye kugombana na jirani. Mama mdogo aliletwa kutoka nyuma, miguu mitupu, nywele zimevurugika, na gauni lake lilikuwa na alama ya maziwa iliyokauka begani. Shemeji yake alikuwa amesimama mbele ya kaunta. Alipomwona, alitazama sakafu.

"Shemeji, nisamehe," alisema. "Nilikukosea."

Mama mdogo alichukua viatu vyake kwa askari, akavivaa kimoja kimoja bila haraka. Kisha akainua uso.

"Jana uliwaambia ukoo mzima kwenye simu, hapa hapa, wakisikia na hawa. Uliweka sauti juu, ukasema tasa ametaka kumuua mtoto wako kwa wivu. Nilikuwa nyuma ya mlango ule. Uliowaita jana, waite na leo."

Baba mtoto alitoa simu. Inspekta aliegemea ukuta, hakumsaidia.

"Mama," alisema simu ilipopokelewa, sauti ikiwa juu. "Mama, niko kituoni. Mtoto ni mzima. Hakulishwa kitu. Damu ilikuwa ya mama yake, ameumia kwenye titi. Shemeji hana kosa lolote. Mimi ndiye niliyekosa, nimemsingizia, na wewe waambie wote niliowaambia."

Upande wa pili sauti ya mwanamke mzee ikasema, "Mpe simu."

Mama mdogo aliipokea. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ulimi wangu mzito, sijui nianzie wapi. Njoo nyumbani, upumzike, tuongee."

"Nitakuja, mama, ila si leo." Alikuwa ameshageukia mlango, na wale watu wa kaunta walimpisha njia bila kuambiwa. "Leo nakwenda wodini. Nina mwanangu sijambeba tangu jana, akilia nataka mkono wa kwanza kumpokea uwe wangu."